Kidole Kipimwe Kabla Kito Hakijakaa

Mezani kwa fundi wa pete za fedha, sentensi inayosikika mara nyingi ni hii: "Fundi, wewe tengeneza tu, ikinibana utaipanua." Anayeitamka huwa na nia njema, kwa sababu anadhani anamrahisishia fundi kazi. Kwa pete isiyo na kito, kauli hiyo haina madhara makubwa, maana duara tupu la fedha huweza kupashwa moto, kugongwa taratibu kwenye chuma cha kupimia na kuongezeka kwa kiasi bila kudhurika. Kwa pete yenye kito, hasa tanzanaiti tunayoifanyia kazi sana hapa Arusha, naiona kauli hiyo kuwa chanzo cha uharibifu mwingi ambao ungeweza kuepukwa kwa dakika chache za kupima, na nasema wazi kwamba fundi anayeikubali hamtendei haki mteja wake.

Sababu iko ndani ya fedha yenyewe. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha, na hii ya pete zetu, ambayo ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000 na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, nayo hupitisha joto upesi sana. Ukitaka kuikata pete nyuma ili uongeze kipande, huwezi kuunguza sehemu ile peke yake. Lazima pete nzima ipate moto ndipo lehemu iyeyuke, na lehemu ngumu ya fedha huhitaji nyuzi zaidi ya 700 za Selsiasi. Joto hilo hufika kwenye kito mapema kuliko unavyotaka. Wapo wanaojibu kwamba tanzanaiti imekwisha kupita motoni, kwa kuwa mawe mengi yanayochimbwa Merelani tangu mwaka 1967 hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia na hupashwa joto ili yawe ya buluu. Ni kweli, lakini joto la tanuri hupandishwa polepole na kushushwa polepole, ilhali tochi ya gesi hupiga ghafla, tena upande mmoja. Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayolipasua jiwe hili, ambalo pia kwa asili lina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi likigongwa.

Kwa hiyo kito hutakiwa kitolewe kwanza. Hapo ndipo mteja hajui anaomba nini. Ukingo mwembamba wa fedha unaokizingira kito ulisukumwa na kusuguliwa mpaka ukalala juu ya jiwe, na kwa kusukumwa huko ukawa mgumu. Kuufungua ni kupitisha ncha ya chuma kati ya fedha na jiwe, milimita kwa milimita, bila kulikwaruza jiwe lenye ugumu unaokaribia 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa mawe ambacho almasi hupata 10, kisha kuufunga tena huku ukijua kwamba fedha iliyokunjwa mara ya pili huweza kuchanika. Na anayeamua kuipanua pete kwa nguvu huku kito kikiwa mahali pake humletea mteja tatizo jingine: mviringo wa pete ukibadilika, kitako cha kito nacho hupinda, ukingo huachia kwenye ncha, na baada ya wiki kadhaa jiwe huanza kucheza.

Tukirudi kwenye kupima, uzi ndio adui wa kwanza. Uzi huvutika, hujipinda kidogo kuzunguka kidole, na hakuna anayeukaza kwa nguvu ileile mara mbili. Tofauti kati ya saizi moja na nyingine katika vipimo vya Marekani ni takriban milimita 2.5 za mzingo, kwa hiyo ukikosea milimita mbili tu kwenye uzi umekosa karibu saizi nzima. Kwa asiye na vifaa, ukanda mwembamba wa karatasi ngumu ni afadhali. Kilicho bora ni seti ya pete za kupimia, tena zenye upana unaokaribia ule wa pete itakayotengenezwa, kwa kuwa pete pana hugusa nyama nyingi zaidi na yenye upana wa milimita nane au zaidi kwa kawaida huhitaji nusu saizi ya ziada.

Kidole nacho hakikai hali moja. Jua la Dar es Salaam au Mombasa hukivimbisha, baridi ya asubuhi ya Arusha mwezi Julai hukipunguza, na chakula chenye chumvi nyingi, ujauzito na kazi za mikono vyote huonekana hapo. Ndiyo maana napendelea mteja apimwe alasiri akiwa ametulia, kisha arudi siku nyingine apimwe tena. Pete ya kupimia ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo, ikae chini yake bila kuacha alama, na itoke kwa kuzungushwa. Mwenye kifundo kikubwa na shina jembamba asidanganywe kwamba kuna saizi moja ya kumridhisha. Apewe inayopita kwenye kifundo, kisha fundi aongeze vijishanga viwili vya fedha upande wa ndani, nyuma, ili pete isizunguke.

Kuzunguka kwenyewe ni suala linalopuuzwa mno. Kito kikubwa kilichoinuka huifanya pete iwe nzito juu, na pete ambayo ingekaa vizuri bila kito huanza kulala upande, jiwe likaelekea kidole cha pili na kugonga kila kitu. Kwa pete kama hizo ni heri kubana kidogo, na sehemu ya nyuma iwe na uzito wa kutosha badala ya waya mwembamba. Vilevile kitako bapa cha akiki kubwa, kikikatiza duara kwa ndani, hula nafasi ya kidole, hivyo chuma cha kupimia kinaweza kuonyesha saizi sahihi huku mvaaji akilalamika kwamba inambana, na mvaaji ndiye mwenye haki.

Ndani ya karakana hesabu ni fupi. Chukua kipenyo cha ndani, ongeza unene wa fedha, zidisha kwa 3.14. Saizi ya 7 ina kipenyo cha takriban milimita 17.3, kwa fedha yenye unene wa milimita 1.5 utakata kipande cha milimita 59. Asiyeongeza unene hukata milimita 54, na pete yake huwa ndogo kwa karibu saizi mbili. Mimi hukata pungufu kidogo, kwa kuwa kuigonga ili iwe duara kamili na kuipiga msasa kwa ndani huongeza nafasi, kisha naifikisha saizi yake kabla ya kito kuingia. Mteja aivae hapo, ikiwa bado haina jiwe.

Kwa anayeagiza akiwa Muscat au Toronto, au anayetaka kumshangaza mchumba, pete ya zamani ya kidole kilekile, iliyopimwa kipenyo cha ndani kwa kalipa, yaani kifaa chenye taya mbili cha kupimia milimita, hutoa mwanzo mzuri tu. Nashikilia kwamba fundi atengeneze kwanza pete ya majaribio ya shaba, yenye upana na unene uleule, aitume, na asubiri jibu la mtu aliyeivaa siku kadhaa, nyakati za joto na za baridi. Gharama ya shaba hiyo iandikwe wazi kwenye bei tangu siku ya kwanza, na kito kibaki kwenye karatasi yake mpaka jibu lifike.