Anayesoma Huku Anafanya Kazi Anahitaji Ratiba Isiyohamahama

Mwanafunzi wa chuo akisema kazi na masomo vinamwelemea, jibu analopewa ni moja: jipange. Naona tunamwonea. Wengi ninaowafahamu wamejipanga vizuri sana, na kinachowaangusha ni ratiba ya chuo inayohamahama.

Kwanza hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada una krediti 120. Hizo ni saa 1,200, vipindi na kujisomea vikiwa ndani yake. Zigawe kwa wiki kama 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamruhusu mwajiri kukufanyisha kazi hadi saa 45 za kawaida kwa wiki. Jumla 85, na hapo hujapanda daladala, hujafua, hujalala. Anayesoma muda wote na kuajiriwa muda wote hatapona kwa kujipanga. Kwa maoni yangu, kazi ya saa 15 au 20 kwa wiki inabebeka, ilimradi isiwe ya usiku.

Lakini hata saa hizo chache zinataka siku zinazojulikana. Chukua kijana anayekaa kwenye kibanda cha uwakala wa fedha Jumanne na Alhamisi mchana, amekubaliana na mwenye kibanda tangu muhula unaanza. Jumatatu usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa: CR, yaani mwakilishi wa darasa, anaarifu kuwa kipindi cha Ijumaa kimehamishiwa kesho saa nane, na kutakuwa na testi. Mwalimu amepata safari. Kijana afanyeje? Akikosa testi, alama za muhula zimepungua na sapu, yaani mtihani wa marudio, inamnyemelea. Akiondoka kibandani, wateja wanahamia kibanda cha jirani. Likitokea mara tatu, mwenye kibanda anatafuta mtu mwingine, na simlaumu hata kidogo. Naye ana kodi ya kulipa.

Kuna watakaosema mkopo upo. Ni kweli, na Bodi ya Mikopo imewasomesha wengi ambao wazazi wao wasingeweza. Lakini hata anayepata shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, mara nyingi bumu lake, yaani hiyo fedha ya kujikimu, lina wenyewe nyumbani: mdogo wake yuko sekondari, mama anaumwa. Tena masharti yanamtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi. Basi anayehitaji nyongeza hujikuta kwenye kazi zisizo na karatasi: kulinda, kuhudumu baa, kufundisha tuisheni, kuuza mitumba hosteli. Sheria inampa anayefanya kazi usiku nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, lakini ataidai vipi wakati hana hata mkataba wa kuonyesha?

Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimewasaidia sana walio kazini, na madarasa ya jioni yapo katika baadhi ya vyuo. Ila anayesomea uuguzi au uhandisi, mwenye maabara na mafunzo kwa vitendo, ni vigumu kuingia njia hizo.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Tarehe za testi zitajwe wiki ya kwanza ya muhula. Kipindi kikihamishwa, taarifa itoke siku saba kabla. Mwalimu akishindwa hilo, aliyekuwa kazini apewe siku nyingine ya kufanya testi bila kwenda kupiga magoti ofisini. Wakuu wa idara wanaweza kuyaandika haya kwenye ratiba kabla wanafunzi wa mwaka mpya hawajaripoti.