Nilivyofanywa Hujaji Rocamadour

Ile video yangu inayozunguka kwenye simu zenu ni ya kweli, msibishane tena. Yule mtu aliyepiga magoti kwenye ngazi za mawe, mkono mmoja umeshika kidaraja na mwingine umekwenda nyuma kwa shughuli maalumu, ni mimi. Ila yale maneno yaliyoandikwa chini yake, "Mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili atubu dhambi zake Ulaya", ni ya shemeji yangu. Mimi sijatubu chochote.

Tangu jana simu haipumziki. Watu wa Ngamiani, kwetu Tanga, ambao nikiwapungia mkono hawaitikii, leo wananiuliza kama hija imekubaliwa. Mmoja kanitumia stika ya malaika. Nakujua wewe. Basi isikieni kwa mwenyewe, maana shemeji anaisimulia kuanzia katikati, pale panapomfaa yeye.

Dada yangu mnamfahamu, ameolewa na Mngazija, wanakaa Toulouse. Shemeji ni mtu mzuri, ila ni mwembamba. Hilo la wembamba mlishike, tutalihitaji. Akaniambia, "Shemeji, twende nikakuonyeshe pango." Nikamcheka. Mtu wa Tanga unamwonyesha pango? Mimi nimezaliwa kwenye mapango ya Amboni karibu na mlango! Nikampa na ile hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akaja kutokea Kilimanjaro. Akasema sawa, panda gari.

Tukaenda kaskazini mwendo wa saa mbili hivi hadi jimbo la Lot. Kule juu ni uwanda wa mawe ya chokaa, kondoo na miti mifupi ya mialoni. Mvua ikinyesha haikai, inazama yote ardhini, na chini huko imechimba mapango na mito hadi maji yanapochoka kujificha yakabubujika kama chemchemi mabondeni. Tulisimama mahali paitwapo Padirac. Hapo ardhi imefunguka tu, shimo la duara lenye upana wa mita 35 na kina cha mita 75. Wenyewe husimulia kwamba ni Ibilisi aliyelipasua kwa kisigino ili kumzuia Mtakatifu Martin, na nyumbu wa mtakatifu akaliruka. Aliyeshuka kwanza akakuta mto ni Mfaransa aitwaye Martel, mwaka 1889. Siku hizi unashuka kwa lifti, kisha unapanda mashua mita 103 chini ya ardhi, na kuna mtu wa kukupigia kasia. Nikaanza kupunguza majigambo, lakini si kwa sauti.

Sasa wenzetu nao walitaka kujua maji yale yanatokea wapi. Mwaka 1947 wakamwaga rangi mle chini, ikaja kuonekana kwenye chemchemi za Montvalent, karibu na mto Dordogne, kilomita 10 na ushei kutoka pale. Shemeji akaniambia hayo kwa madaha. Nikamjibu kwamba rangi imebebwa na maji, mbwa wetu alikwenda kwa miguu yake. Akanyamaza. Nadhani kinyongo kilianzia hapo.

Mle ndani nyuzijoto ni 13 mwaka mzima. Kuna sehemu wanaiita Ziwa la Mvua, kwa kuwa dari inadondosha maji saa zote, na limening'inia jiwe la mita 60 linalokaribia kugusa ziwa. Kila mtu alikuwa ameangalia juu mdomo wazi. Na mimi nilikuwa nimeangalia juu, huku nimekalia ubao ambao ile mvua ilishafika kabla yangu. Nikadhani ni ubaridi wa kawaida wa pangoni. Tulipotoka juani, mbele nilikuwa mkavu, nyuma nimechorwa ramani ya Afrika, na Madagaska yake pembeni. Mtoto mmoja akaninyooshea kidole, mama yake akamgeuza uso.

Dada akasema siwezi kuzunguka hivyo. Shemeji akafungua gari, akatoa suruali yake ya kazini. Ilikuwa imetoka kwa dobi, bado imo kwenye plastiki. Nikaivaa nyuma ya mlango wa gari. Mapajani ilikubali baada ya kubembelezwa. Kifungo kilifika kwenye tundu lake, lakini hakikufurahi. Nikamuuliza shemeji, "Unaonaje?" Akasema, "Imekukaa." Muikumbuke kauli hiyo siku ya hukumu.

Rocamadour haiko mbali na hapo. Ni kijiji kimebandikwa kwenye ukuta wa jabali. Nyumba ziko chini, juu yake makanisa, juu ya makanisa ngome, na ukiangalia kutoka ng'ambo ya bonde unaogopa kupiga chafya. Watu wanahiji pale tangu karne ya 12, mwaka 1166 walikuta mwili wa mtu kaburini wakasema ni wa mtakatifu Amadour, na wafalme nao wakaja, hata Henry wa Pili wa Uingereza. Wanayemfuata hasa ni Bibi Maryamu, sanamu yake ndogo nyeusi ya mti. Kufika kwake kuna ngazi kubwa ya vidaraja 216. Hapo zamani wenye kutubu walipanda kwa magoti, wengine wamefungwa minyororo, na mpaka leo wapo wanaopanda kwa magoti. Hili shemeji alinieleza vizuri sana tukiwa chini. Lifti ipo, ya kulipia. Akasema lifti ni ya wazee.

Dada akatangulia na mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na kikoi. Shemeji akamfuata na simu yake. Mimi nikabaki nyuma, napumua nusu nusu kwa heshima ya kile kifungo.

Hapa naenda polepole, maana ndipo mnapopataka.

Mguu wa kushoto ulikuwa chini. Wa kulia nikaunyanyua. Vidaraja vile vimelika kwa nyayo za karne na karne, havilingani, na kile nilichofikia kilikuwa kimewazidi wenzake kimo. Goti likapanda. Paja likafuata. Suruali ikasita, nami nikasita. Halafu, sijui kwa nini, nikaendelea. Upepo nikauhisi kabla ya sauti. Sauti nayo ikaja, na haikuwa ya mara moja. Ilikuwa "krrrrraaaa" ndefu, isiyo na haraka, ikaanzia kwenye mshono chini ya mkanda, ikateremka, ikapita kule inakopita, ikaja kuchungulia mbele karibu na zipu. Kifungo peke yake ndicho kilichobaki kazini. Nguo ya ndani ilikuwa ya njano na kijani. Wana Yanga msijivunie, na aliyeikuza picha akaona nembo akae nayo.

Nikageuza shingo. Chini yangu kulikuwa na basi zima la wazee wa Kifaransa, wamevaa skafu za rangi moja, wanapanda taratibu, macho yao usawa ule ule msioutaka. Juu kuna familia inashuka. Ukutani pamejaa. Mwili ukaamua bila kunishauri, nikajikuta nimepiga magoti, nimelivuta sweta nyuma kwa mkono mmoja. Kwa magoti sweta lilitosha. Nikisimama tu, halitoshi. Sasa utafanyaje? Nikapanda kidaraja kimoja hivyo hivyo. Kisha kingine.

Nikamwona dada juu kwenye kona. Nikajiambia, hapa nani anajua Kiswahili? Nikainua uso, nikapaza sauti yote niliyojaliwa: "Dada weee! Suruali imepasuka matakoni! Nihurumie, niletee kikoi!"

Nyuma yangu pakawa kimya. Nikasikia wazee wananong'ona. Bibi mmoja, mfupi, mvi tupu, akafika kando yangu macho yamemlenga machozi, akachora msalaba kifuani na kuniwekea mkono begani. Akasema maneno mengi, mimi nikaambulia "Marie" tu. Yaani kwa macho yake, mtu mweusi ametoka mbali, yuko kwa magoti, anamlilia Mama Maria kwa lugha yake huku sauti inatetemeka! Kutetemeka kulikuwepo, sikatai. Nikamjibu neno la Kifaransa nililokuwa nalo: "Merci."

Yule bibi akashika goti, akashuka, akapiga magoti pembeni yangu. Mwenzake naye. Halafu wa tatu, mzee mwenye fimbo, akataka naye, wakamzuia. Nyuma wakaanza kuimba.

Niambieni, ninyi mngesimama? Mngesema nini? Babu yangu alikuwa muadhini, na mjukuu wake anaongoza msafara wa Wakatoliki. Nilijituliza kwamba Maryamu hata kwetu ana sura yake nzima, na kwamba nia ni jambo la moyoni, na nia yangu ilikuwa kikoi. Kila nikiita, "Dada, kikoi!", wale nyuma wanaitikia kwa wimbo. Nikaita, "Shemeji, acha kupiga picha, mwanaizaya wewe!" Wakaitikia kwa sauti zaidi. Kipande hicho kimo kwenye video, na ndicho mnachokirudia.

Mnauliza dada alikuwa wapi. Dada alikuwa amekaa chini, miguu imemwisha kwa kicheko, mkoba ameukumbatia.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilifika juu. Kikoi kikaja. Magoti yamevimba, napaka dawa. Kanisani niliingia, ndani mna vimeli vidogo vimening'inizwa darini, ni kwa ajili ya mabaharia walionusurika, mtoto wa pwani nikafarijika kidogo. Suruali haishoneki, fundi kaicheka. Shemeji anadai alipwe, nami nadai ile kauli ya "imekukaa" aifute kwanza. Mama kapiga simu kutoka Tanga, hakuuliza dini wala magoti, kauliza nani alinipa sweta fupi vile.

Na yule bibi, kabla hawajaondoka na basi lao, alinitafuta uwanjani, akafungua kikapu chake akanipa mkate na jibini la mbuzi la pale pale Rocamadour, lile dogo la duara, laini. Nikaketi juu ya kikoi nikala lote peke yangu, shemeji akimeza mate. Alipoomba kipande nikamwambia hilo ni la mahujaji. Simu yake ilikuwa mkononi wakati huo, lakini mtaona kwamba hapo hakurekodi.