Karai la Mamako Liandike

Juzi usiku nilipita kwa dada yangu Likoni. Jiko limeshazimwa, na mpwa wangu amekaa mbele ya laptopu, uso kama aliyefiwa. Yuko mwaka wa pili chuoni hapa Mombasa, anataka kuhamia chuo cha Marekani. Kuna ajenti mmoja mjini, anayejiita "mshauri", mwenye kiyoyozi na kibendera cha Marekani mezani, aliyepitia fomu yake. Kwenye shughuli za nje ya darasa akamwandikia kwa wino mwekundu: HAMNA KITU.

Hamna kitu! Kijana huyu huamka kabla ya alfajiri kumenya viazi na mamake. Akitoka chuoni anavuka feri, anasimama kwenye karai akikaanga viazi vya kuuza hadi saa tatu usiku. Jumamosi husomesha watoto juzuu amma madrasani. Hesabu za biashara ni zake tangu babake alipoanza kuumwa.

Dawa ya mshauri? Alipe, apelekwe wikendi mbili kwenye nyumba ya mayatima, avishwe fulana mpya, apigwe picha, kisha ajiite mwanzilishi wa shirika. Nami miaka yote nilidhani yatima hupelekewa unga.

Nikamwambia, hebu tuwasome hao wenye vyuo wenyewe. University of California wanampa mwombaji nafasi 20 za kujaza shughuli na tuzo zake, na kazi ya kulipwa ina kundi lake, sawa na kujitolea. Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, ile ya wanaoanza mwaka wa kwanza imetaja hata majukumu ya kifamilia. Wenye chuo wanauliza saa zako zimekwenda wapi. Ajenti anakwambia ununue nyingine! Na anayehama huulizwa zaidi amejiandaaje kwa fani anayoitaka. Huyu anasoma biashara. Nani kajiandaa kumshinda mtu anayejua gunia la viazi likipanda bei apunguze nini ili wateja wasikimbie?

Haya, nakubali: kwa anayehama, alama za chuo ndizo hutazamwa kwanza, na karai halifuti D ya hesabu. Hao wa California nao huwatanguliza vijana wa vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, vya huko kwao, kwa hivyo asitie roho yake yote pale. Midahalo na kuokota plastiki ufuoni ni vizuri kwa mwenye nafasi. Hapa kwetu hata hayo hayaulizwi. Ukihama kupitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni Kenya, ni pointi zako za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, unahodha wa timu baki nao.

Ila ajenti hayuko peke yake. Dada yangu mwenyewe alisema, "Mambo ya viazi usiyaandike, mwanangu. Watatuona mafukara."

Nikanyamaza. Mimi nilipoomba kazi yangu ya kwanza nilificha mwaka mzima niliobeba mizigo soko la Kongowea. Niliandika "nilikuwa nyumbani." Hakuna aliyeniambia nifiche, wallahi. Aibu nilijitafutia mwenyewe, na hadi leo sijui niliitoa wapi.

Tulikaa hadi saa sita. Sentensi yake ya kwanza: "Humsaidia mama." Nikaifuta. Unamsaidia nini? Nani huenda sokoni? Saa ngapi kwa wiki?

"Mjomba, sijawahi kuhesabu."

"Basi hesabu."

Zikatoka saa 25 kwa wiki, miaka minne. Ununuzi, hesabu za kila jioni, na deni la muuza mafuta lililolipwa lote mwaka jana. Akaitazama skrini muda mrefu, kama anayesoma habari za mtu mwingine.

Dada muda wote alikuwa jikoni akijifanya anaosha sufuria ileile. Mwishowe akachungulia mlangoni.

"Na ukwaju umeuandika? Ule ukwaju ni wa kwako, mimi siwezi kuutengeneza vile."

Akaongeza ukwaju.