Kigeuza sauti chenye waya wa kudumu hakifai pwani yetu

Simu yako haina tundu la hedifoni na unatafuta kigeuza sauti, yaani kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji kinachobadili data ya simu kuwa sauti ya hedifoni? Ukiwa Mtwara au Lindi, chukua chenye tundu lake la Taipu C, waya uwe wa kuchomoa. Vile ambavyo waya umeunganishwa moja kwa moja viache dukani hata bei ikivutia. Hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani, pale Mtwara, huanza kula plagi. Plagi ikifa, unatupa kifaa kizima kwa ajili ya waya wa sentimita 10.

Chumvi na unyevu hula zaidi pini yenye umeme, hivyo ile ya volti 5 ndiyo hugeuka kijani au nyeusi mapema. Utaijua kwa sauti inayokatika ukigusa waya, au simu kukipoteza kifaa na kukiona tena. Zima simu, chomoa kila kitu, safisha plagi kwa brashi laini na spiriti ya aizopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha subiri ikauke kabisa. Usikwangue kwa sindano: ukishatoa ule utando wa dhahabu, kutu itarudi kwa kasi.

Sasa waya wenyewe. Nyingi zinazopangwa mezani sokoni ni za chaji tu, ndani zina nyuzi mbili za umeme bila zile mbili za data. Pima hapohapo dukani: unganisha simu na kompyuta, chagua kuhamisha mafaili. Mafaili yasipoonekana, jaribu waya mwingine kabla hujalaumu kigeuza sauti.

Kuna tatizo lingine linalowapotosha hata mafundi. Kifaa cha Taipu C kinatakiwa kiwe na rezista za ohimu 5,100 kwenye pini za CC, zile ambazo simu huzitumia kutambua kilichochomekwa, ndipo ijue kuna kifaa kinachohitaji kulishwa umeme. Watengenezaji wa bei rahisi huziacha. Matokeo yake, waya wa Taipu C pande zote mbili haufanyi chochote, lakini waya wa USB ya kawaida kupitia adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kulisha na kutumia kifaa cha nje, unafanya kazi. Kifaa kama hicho ningekirudisha, maana adapta ngumu ikiungana na plagi inakuwa mtalimbo unaolipinda tundu la simu mfukoni. Kwa simu za zamani za maikro USB, waya wa OTG una upande wake: ncha ambayo pini ya 4 imeunganishwa na ardhi (upande hasi wa umeme) ndiyo inayoingia kwenye simu. Ukiugeuza, kimya. Simu nyingine zinahitaji OTG iwashwe kwenye mipangilio.

Urefu wa sentimita 10 hadi 20 unatosha, uwe laini. Usilipie waya wa USB 3 wala unaodaiwa kuongeza utamu wa sauti. Muziki wa biti 24 kwa kilohezi 96, njia mbili (kushoto na kulia), unahitaji takriban megabiti 4.6 kwa sekunde, na USB 2.0 ina uwezo wa 480. Waya mzima hupitisha data ileile. Mbovu hukata au kukwaruza, hauondoi besi.

Pesa hiyo nunua waya wa pili, uufunge kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu.