Ibn Battuta kasifia, Livingstone kaziba pua: tumwamini nani?

Kila ubishi wa historia ya pwani yetu ukianza lazima mmoja atamtoa Ibn Battuta, yule msafiri Mmoroko wa karne ya 14, mfukoni kama kitambulisho, "mbona yeye alisema Kilwa ni katika miji mizuri kabisa", na mwenzie anajibu hao wageni wote waongo tu, hasa wazungu, walikuja kutudharau. Mi naona wote wawili wanasoma nusunusu.

Tuanze na huyo kipenzi. Jamaa kafika Kilwa 1331, kamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, watu wakimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anasimulia fakiri mmoja wa Yemen alivyomsimamisha sultani siku ya Ijumaa akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akaenda kubadilisha akampa zote, na mpaka hadithi inaisha fakiri ameshapewa watumwa na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwa Ibn Battuta huo ni ukarimu mtupu. Hao watumwa wenyewe walionaje, hana habari. Ndo mgeni aliyepokelewa na watu wa dini yake huyo, kala vizuri, kasifia vizuri.

Na hata kwenye kusifia kachemka, maana anasema majengo ya mji ni ya mbao, wakati Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe pale Kisiwani ulishaanza kujengwa kabla hajazaliwa, na kasri la sultani huyohuyo, Husuni Kubwa, magofu yake bado yapo juu ya bahari na lile bwawa la pembe nane. Kumbuka lakini kwamba hayo yote aliyasimulia akiwa kwao Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, mwingine akiandika, sasa nani kati yetu anakumbuka nyumba za miaka 20 nyuma zilikuwa na ukuta gani?

Livingstone sasa, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti. Kafika Unguja 1866 akasema mji ungefaa kuitwa Stinkibar (Zanzibar ikichanganywa na "stink", kunuka kwa Kiingereza), kwa jinsi ulivyonuka. Hapa watu wanawaka, na mi niliwaka mara ya kwanza. Ila tuseme ukweli, ufuko wa mji ule ndo ulikuwa choo na jalala, maiti za watumwa zilikuwa zinatupwa hukohuko, na kipindupindu cha 1869 hadi 1870 kiliua watu kwa maelfu. Pua yake haikudanganya. Ninachomlaumu ni kwamba miaka minane tu kabla ya hapo, 1858, mto Thames ulinuka mpaka bungeni London mapazia yakalowekwa dawa, lakini London ikabaki na jina lake safi, sie ndo tukapewa utani.

Wanaosema tuwatupe wageni wote tubaki na maandiko yetu wana hoja, ila wakumbuke hata tarehe ya masultani wa Kilwa, yaani kitabu cha historia yao kilichoandikwa na watu wa huku wenyewe, sehemu yake tunaijua kupitia Mreno João de Barros aliyeichapisha 1552. Ukimtupa yeye unaitupa na sehemu ya Kilwa.

Mi siku hizi nikisoma msafiri namtafuta nani alikuwa pembeni yake. Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipouona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na ule weupe juu, kiongozi wake wa njia aliuita "baridi" tu, basi, na Rebmann akaelewa ni theluji. Huko London bwana Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye bara lenyewe hajawahi kukanyaga, akashikilia katakata kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, mpaka akasingizia macho ya Rebmann ni mabovu. Wakagombana miaka juu ya macho ya mzungu mmoja, na yule aliyesema baridi hakuna aliyemuuliza.