Mstari mweupe unaomhukumu farasi

Farasi anakula vizuri, anakimbia, manyoya yanang'aa. Majibu ya damu yanarudi, na mwenye farasi anaambiwa achague: auawe, au atengwe maisha yake yote, karibu mita 180 kutoka kwa farasi mwingine yeyote. Ndivyo ilivyo Marekani kwa farasi anayekutwa na virusi vya upungufu wa damu wa kuambukiza. Dawa hakuna, chanjo huko hakuna.

Wengi wanauona huo ni ukatili. Mimi kipimo chenyewe nakitetea. Kinachonitia shaka ni cheti anachopewa farasi asiyekutwa na virusi.

Wafaransa Vallée na Carré walionyesha mwaka 1904 kwamba kinacholeta ugonjwa huu ni kidogo kiasi cha kupenya kwenye chujio linalozuia bakteria. Lakini kumbaini farasi aliyenacho ilikuwa shughuli: damu yake unamchoma farasi mzima, kisha unakaa wiki kadhaa kungoja homa. Yaani ili umpime mmoja, unamtoa kafara mwingine! Mwaka 1970 Leroy Coggins wa Chuo Kikuu cha Cornell akaja na njia ya jeli. Unatoboa vitundu, katikati unatia protini ya virusi, pembeni majimaji ya damu ya farasi. Kama kuna kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, vinakutana njiani na kuchora mstari mweupe. Siku moja au mbili, basi.

Virusi hivi ni ndugu wa VVU. Vikishaingia havitoki, na kingamwili zinaweza kuchukua wiki sita au zaidi kuonekana. Aliyewahi kupima VVU akaambiwa "rudi baada ya miezi mitatu" anaelewa ninachosema. Farasi aliyeambukizwa juzi atapita bila mstari, na cheti chake kwa kawaida kitakubalika miezi 12.

Pange, yule nzi mkubwa mnyonya damu, ndiye aliyezoea kulaumiwa kwa kueneza ugonjwa. Anauma kwa maumivu, anapigwa mkia, anaruka kwa farasi wa jirani na damu mbichi mdomoni. Jirani akiwa mbali, pange humrudia yule yule. Ndiyo maana ya zile mita 180. Lakini miaka ya karibuni visa vingi Marekani vimetoka kwa farasi wa mbio, hasa zile zisizosimamiwa na mtu, ambako sindano moja inapita shingo hadi shingo. Ireland nako, mwaka 2006, ugonjwa uliingia kwa plazima (majimaji ya damu) iliyotoka Italia, waliyopewa watoto wa farasi kama dawa. Pange gani hapo?

Ningekuwa na mamlaka, kwenye viwanja hivyo vya mbio za kienyeji ningetanguliza maboksi ya sindano mpya. Damu ningechukua baadaye, na baada ya siku 60 ningerudi kuchukua tena.