Pizza za Marekani: tunabishania topingi wakati shughuli iko kwenye moto na trei

Watu wakianza kubishana pizza ya wapi Marekani ndo kali, utasikia topingi, utasikia sosi, mara oh ya New York tamu sababu ya maji yao ya bomba. Mi naona wote wanaruka jambo la kwanza kabisa, moto na chombo. Hivyo ndo vinaamua, mengine yanafuata.

Angalia New Haven kule Connecticut. Frank Pepe alifungua duka lake la pizza pale Wooster Street mwaka 1925, na tanuri lao ni la makaa ya mawe. Ule moto ni mkali na mkavu, pizza inatoka chap, nyembamba, madoa meusi chini, na wala haijakaa duara la kupimwa. Ile yao ya kombe wa baharini na kitunguu saumu, bila sosi ya nyanya, ukiioka kwenye oveni ya moto mdogo itakulowea tu.

New York nao walianza na makaa, duka la Lombardi's mwaka 1905, ila baadaye zikaingia oveni za gesi na hapo ndo kila kona ikapata duka la kuuza kipande kimoja kimoja, unakikunja unakula huku unatembea. Naiheshimu sana.

Chicago wageni wote wanakimbilia ile nene, ya Pizzeria Uno, 1943. Trei ina kina kirefu, inakaa ovenini nusu saa na zaidi, ndo maana chizi inawekwa chini na nyanya juu, vinginevyo chizi ingeungua kabla unga haujaiva. Lakini wenyeji wengi siku za kawaida wanakula nyembamba, kavu, iliyokatwa vimraba, ilizaliwa kwenye baa. Hiyo ndo ya kuulizia ukifika.

St. Louis unga hauna hamira na chizi yao ya Provel inanata menoni, sijaipenda. California ndo topingi zilitawala kweli, pale mgahawa wa Spago mwaka 1982 mpishi Ed LaDou na wenzake waliweka mpaka samaki wa moshi, na kwa sababu haikutegemea chombo cha pekee, mtindo ule ukasambaa kila mahali, kuku wa barbikyu leo unampata Nairobi na Dar.

Sasa Detroit jamani. Mwaka 1946 kwenye baa iliyokuja kuitwa Buddy's walianza kuokea kwenye trei za mstatili za chuma kizito, zile za viwanda vya magari za kuwekea vipuri. Chizi ni ya Wisconsin, inaitwa brick, ina mafuta mengi, na inasambazwa mpaka iguse ukuta wa trei. Inayeyuka inateremka pembeni kati ya unga na chuma, inajikaanga humohumo, ukitoa unapata ukoko mweusi-kahawia kama wa chini ya sufuria ya wali, unavunjika kra, halafu ndani unga ni laini una matundu, sosi imepigwa mistari juu. Kipande cha kona kina ukoko pande mbili, hicho ndo cha kugombania.

Siku hizi kila mji wanaandika Detroit kwenye menyu alafu wanaokea kwenye foili nyepesi, pembeni peupe, pamelegea. Uliza kwanza wanatumia trei gani, na wakikuletea haina ukoko irudishe, kwa bei ile una haki.